Mbaruti wa Daktari Pitcher

Miaka ya 1820, daktari wa jeshi la Marekani aitwaye Zina Pitcher alichuma mbaruti kwenye vilima vya mchanga vya Grand Sable, kando ya Ziwa Superior. Daktari kuchuma magugu hakukuwa ajabu: dawa nyingi za siku zile zilitoka porini, na John Torrey wa New York, mtaalamu wa mimea aliyeupa mbaruti huo jina la Pitcher, naye alisomea utabibu. Baadaye Pitcher akawa meya wa Detroit. Leo wengi wanaolitaja jina lake wanazungumzia mmea.

Kisayansi unaitwa Cirsium pitcheri, na asili yake ni fukwe za Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini tu. Majani yake yana manyoya meupe, na mzizi wake unaweza kuzama mchangani hadi mita 2. Kwa kawaida hukaa miaka 5 hadi 8 ukiwa majani matupu, kisha huchanua mara moja, humwaga mbegu na kufa. Mwaka 1988 Marekani iliuweka kwenye orodha ya viumbe walio hatarini.

Habari zake nyingi za zamani zimo kwenye makabati ya hebaria, yaani hifadhi za mimea iliyokaushwa. Na kuukausha mbaruti ni kazi ya kuudhi. Miiba hutoboa magazeti yanayonyonya maji yake, na kichwa cha ua ni kinene mno. Usipokipasua katikati huota ukungu, au huvimbisha rundo zima. Ukishakauka hubandikwa kwenye karatasi ngumu, na pembeni huwekwa lebo: nani aliuchuma, wapi, lini. Lebo ikipotea, kilichobaki ni nyasi kavu.

Kumbukumbu za namna hii ndizo zinazothibitisha kwamba mbaruti huu uliwahi kuota Illinois, ambako ulitoweka kabisa. Kuanzia 1991 watafiti walianza kuupanda upya huko, ufukweni mwa Ziwa Michigan.

Lakini ramani iliyochorwa kwa lebo isomwe kwa tahadhari. Nukta zake zinaonyesha mahali wakusanyaji walipopita, na watu hupenda kupita palipo na njia. Penye pengo huenda mmea haukuwepo. Huenda pia hakuna aliyefika.

Ninachokiona cha thamani zaidi ni tarehe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 fukusi wa Ulaya, Rhinocyllus conicus, aliingizwa Amerika Kaskazini ili ale mbegu za mibaruti vamizi. Hakuchagua. Mwaka 1997 Svata Louda na wenzake waliripoti katika jarida la Science kwamba anashambulia pia mibaruti ya asili, ukiwemo Cirsium canescens wa Nebraska, ndugu wa karibu wa huu wa Pitcher. Anayetaka kujua hali ilikuwaje kabla ya fukusi huyo anaweza kufungua kabati na kuchunguza vichwa vilivyochumwa kabla hajafika.

Siku hizi kuung'oa mbaruti ambao haujachanua ni kuunyima nafasi yake pekee ya kuzaa, kwa hiyo picha hutumika mara nyingi badala ya mmea wenyewe. Hifadhidata nazo, kwa mimea adimu kama huu, mara nyingi huficha mahali hasa ulipoonekana, wasije wachumaji wakaufuata.