Uchanganuzi wa elementi finiti

Uchanganuzi wa elementi finiti ni mbinu ya hisabati inayotumia kompyuta kukadiria jinsi kifaa kinavyohimili nguvu. Umbo lake hugawanywa katika vipande vidogo, yaani elementi, na milinganyo ya vipande vyote hutatuliwa kwa pamoja.

Viungo vya bolti huhitaji vipande vidogo zaidi, kwa sababu mkazo huongezeka kandokando ya tundu. Metali hukubali kunyooka kidogo na hivyo kuusambaza mkazo huo. Nyenzo za mseto, kama nyuzi za kaboni ndani ya plastiki, huweza kukatika ghafla au kubanduka tabaka kwa tabaka.

Tarehe 12 Novemba 2001 ndege ya American Airlines, aina ya Airbus A300-600, ilianguka New York baada ya mkia wake wa wima kung'oka; watu 265 walifariki. Wataalamu wa NASA walitumia mbinu hii kuchunguza masikio ya nyuzi za kaboni yaliyoushikilia mkia. Ilionekana kuwa sikio la nyuma upande wa kulia lilivunjika kwanza, chini ya mzigo wa karibu mara 2 ya ule wa juu uliotarajiwa safarini. Kanuni zilidai lihimili mara 1.5. Hivyo nyenzo haikuwa dhaifu: usukani wa mkia ulikuwa umegeuzwa huku na huku kupita kiasi.