Stromae, ndugu yake, na swali ambalo wazazi tunaliogopa

Saa mbili usiku ni saa ya taarifa ya habari Ufaransa, kama ilivyo kwetu. Jumapili ya Januari 9, 2022, mtangazaji wa kituo cha TF1, Anne-Claire Coudray, alikuwa na mgeni mezani. Alikuwa Stromae, mwanamuziki wa Ubelgiji ambaye kwa miaka kadhaa hakuwa amepanda jukwaani.

Mahojiano yalikwenda kama yanavyokwenda ya msanii yeyote mwenye albamu mpya mkononi. Kisha mtangazaji akamuuliza kuhusu upweke unaosikika katika nyimbo zake, na kama muziki ulimsaidia kujinasua. Stromae hakujibu. Muziki ukaanza taratibu, naye akiwa amekaa palepale mezani akaanza kuimba.

Wimbo wenyewe unaitwa "L'enfer", maana yake jehanamu. Ndani yake anakiri kwamba amewahi kufikiria kujiua, kwamba hajivunii jambo hilo, na kwamba anajua wako wengine wengi wanaobeba mawazo kama hayo kimyakimya. Aliyasema hayo kwenye taarifa ya habari, saa ambayo familia zinakula chakula cha usiku.

Wapo waliokasirika. Walisema taarifa ya habari imegeuzwa tangazo la biashara. Mimi naona wana hoja, kwa sababu jambo lile lilipangwa na albamu ilikuwa inauzwa. Lakini siku chache baadaye Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alimshukuru hadharani kwa kuligusa jambo gumu kama lile. Shirika hilo linakadiria kuwa zaidi ya watu 700,000 hujiua kila mwaka duniani, na miongoni mwa vijana wa miaka 15 hadi 29 kujiua ni moja ya sababu kubwa za vifo. Kama tangazo la biashara linaweza kufanya watu walizungumze hilo mezani, mimi silikatai.

Pengine jina Stromae halikukumbushi kitu, mzazi mwenzangu. Ukiusikia wimbo "Papaoutai" utaukumbuka, maana tangu mwaka 2013 umepigwa kwenye harusi, kwenye baa na kwenye mahafali ya shule. Tunaucheza kwa furaha, wakati ni wimbo wa mtoto anayeuliza baba yake yuko wapi.

Na mtoto huyo ni yeye. Jina lake halisi ni Paul Van Haver, aliyezaliwa Brussels mwaka 1985. Mama yake ni Mbelgiji, baba yake alikuwa Mnyarwanda, msanifu majengo, aliyeuawa katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Mtoto hakuwahi kuishi naye vya kutosha hata kumjua. Mama ndiye aliyewalea, yeye na ndugu zake.

Mwaka 2015 alikuja kuimba Afrika, akiwa kwenye kilele cha umaarufu baada ya albamu ya "Racine carrée". Ziara ilikuwa iishie Kigali, nyumbani kwa baba yake. Kama wasafiri wengi wanaotoka Ulaya, alipewa dawa ya kuzuia malaria, nayo ilikuwa Lariam.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu sisi na malaria tunajuana. Lariam ni jina la kibiashara la dawa iitwayo meflokwini. Si ile dawa mseto tunayopewa zahanati tukipimwa na kukutwa na vimelea, kwa hiyo usije ukaacha kumpa mtoto dozi yake kwa sababu ya makala hii. Meflokwini inajulikana kuwa kwa baadhi ya watu huleta hofu kali, kuona vitu ambavyo havipo na huzuni nzito. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza iwekewe onyo la kiwango cha juu kabisa, na mtu aliyewahi kuugua maradhi ya akili hushauriwa asiitumie kujikinga.

Stromae alikuwa mmoja wa walioathirika. Akapatwa na hofu iliyomtoa kabisa katika hali yake, ziara ikakatizwa, na onyesho la Kigali lililopangwa Juni likaahirishwa. Ameeleza baadaye kwamba usiku mmoja wa kipindi kile, kama ndugu yake asingekuwepo, pengine angejiua.

Nimeirudia habari hiyo mara nyingi. Mtu mwenye mamilioni ya mashabiki, aliyezungukwa na walinzi, mafundi na mameneja, kilichomvusha usiku ule ni ndugu yake kuwa karibu. Sijui walizungumza nini. Labda hawakuzungumza chochote cha maana.

Oktoba mwaka huohuo alirudi Kigali na kuimba, ikawa tamati ya ziara. Halafu akaondoka jukwaani. Alikiri kwamba dawa ilikuwa sehemu tu ya tatizo, kwani alikuwa amejichosha kwa kazi hadi mwili na akili vikakataa. Akaoa, akapata mtoto wa kiume mwaka 2018, akawa anafanya kazi nyuma ya pazia pamoja na mkewe na ndugu yake, wakibuni mavazi na video. Mashabiki walimsubiri miaka mingi. Albamu aliyorudi nayo, "Multitude", ilitoka Machi 4, 2022.

Nilipoanza kuisikiliza nilitegemea kilio mwanzo hadi mwisho. Sivyo ilivyo. Kuna erhu ya Wachina na charango ya milima ya Andes, kuna midundo ya kucheza kabisa. Kuna wimbo wa kuwapongeza watu wanaofanya kazi wakati wengine wanasherehekea: wafanya usafi, wauguzi, marubani. Kuna wimbo wa mzazi mpya anayezungumzia nepi, matapishi na usiku wa kukesha huku akisisitiza kwamba ni raha tupu. Mwishoni zimewekwa nyimbo mbili pacha, moja ya siku mbaya na nyingine ya siku nzuri. "L'enfer" imekaa katikati ya yote hayo, namba tano, kama ugonjwa wenyewe unavyokaa katikati ya maisha ya mtu ambaye bado anafua, anapika na anaenda kazini.

Mimi niliukuta wimbo huo kwenye simu ya binti yangu. Yuko kidato cha tatu na anasoma Kifaransa. Alikuwa kitandani, spika ya simu ikiwa wazi, nami napita na beseni la nguo.

"Mama, unajua huyu anaimba nini?"

Mwanzo wake una sauti nyingi za wanawake zinazopandana, nikasema, "Si kwaya hiyo?"

"Siyo kwaya. Anasema aliwahi kutaka kujiua."

"Zima hicho kitu," nikamwambia. "Watoto wadogo mnasikiliza mambo gani?"

Akazima. Nikaenda kuanika nguo, moyoni nikijiona mama makini.

Wiki mbili zikapita. Sikuwa na amani, na sikujua kwa nini, mpaka jioni moja tukiwa tunachambua mchele nikamuuliza siku ile alikuwa anataka kuniambia nini. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kuna rafiki yake, wanakaa dawati moja, anayemwandikia ujumbe usiku kwamba amechoka na anatamani alale asiamke.

"Nilitaka kusikia wewe ungesema nini, Mama," akasema. "Nikasikia."

Sikuwa na jibu. Tukamaliza mchele, nikaomba kuona zile jumbe, na usiku uleule nikampigia mama wa yule binti. Mwanzoni alinijibu kwa ukali kwamba mwanawe anajifanya mkubwa, simu ndizo zinawaharibu. Nikamsomea mbili. Akanyamaza, kisha nikasikia analia.

Simlaumu kwa ule ukali, nami nilikuwa nao wiki mbili kabla. Tumelelewa na neno "jikaze". Mtoto akilia sana tunamwambia ajikaze, akikonda tunamtafutia mchawi, akikaa kimya tunasema ana kiburi au imani imepungua. Mirembe ni hospitali ya kutibu watu kule Dodoma, lakini mitaani tumeligeuza jina hilo kuwa tusi, na Wakenya wamelifanya hivyohivyo jina la Mathari. Halafu tunashangaa mtoto hasemi kuwa kichwa chake hakimpi usingizi.

Sheria nayo imechangia ukimya. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na familia nyingi huficha tukio kwa kuogopa polisi, hivyo mgonjwa hapelekwi anakotakiwa. Kenya ilikuwa na kifungu cha aina hiyo, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya huko ikatamka kuwa kinapingana na Katiba.

Swali ambalo wazazi tunaliogopa ni lile la moja kwa moja: "Je, umewahi kufikiria kujiua?" Tunaogopa kwamba tukilitamka tutampa mtoto wazo ambalo hakuwa nalo. Shirika la Afya Duniani limeitaja hofu hiyo kuwa moja ya dhana potofu kuhusu kujiua. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Kwa aliyekuwa nalo tayari, humpa nafasi ya kulitoa na muda wa kufikiri upya.

Namna ya kuuliza ina uzito wake. Usimkalishe sebuleni kama baraza la ukoo. Watoto, hasa wa kiume, huzungumza vizuri mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa kwingine: mnaosha vyombo, mnatembea kwenda dukani, mko kwenye foleni. Anza na ulichokiona. "Siku hizi naona huli." "Naona umeacha kwenda mpirani." Kisha uliza kwa neno lenyewe, kwa sauti ya kawaida, ukae na jibu litakalokuja. Kishawishi cha kutoa mawaidha kitakupanda hadi kooni. Kimeze. Na usianze kumtajia wenye shida kuliko yeye, maana hilo huongeza hatia juu ya maumivu.

Akisema ndiyo, usimwache peke yake usiku huo. Dawa za nyumbani na sumu za shambani zifungiwe. Mpelekeni hospitali au kituo cha afya mkaeleze wazi mlichosikia, bila kukizungushia "tumbo linamuuma". Tanzania na Kenya zote zina namba 116 ya kupiga bure kwa ajili ya watoto, mzazi anaweza kupiga na mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Ukitaka kumpeleka pia kwa padri, mchungaji au shehe, mpeleke, ila isiwe badala ya daktari.

Na usitegemee kwamba akishapona amepona kama mtu aliyekatwa kidole tumbo. Hapa ndipo habari ya Stromae inaponisaidia kuliko mahali pengine popote. Albamu ilifanikiwa, maelfu wakajaa kumbini, akaonekana amevuka. Mwaka 2023 akatangaza kwamba afya yake hairuhusu, akafuta maonyesho yaliyobaki ya ziara. Mtu aliyeuimba ugonjwa wake mbele ya nchi nzima alirudi akahitaji kupumzika tena, akasema hivyo, akapumzika. Mwishoni mwa mwaka 2024 sauti yake ikasikika upya, katika wimbo alioimba na mwanamuziki wa Ufaransa aitwaye Pomme kwa ajili ya katuni ya televisheni "Arcane". Mtoto wako naye anaweza kuwa na muhula mzuri, kisha muhula mbaya. Muhula mbaya haumaanishi kwamba dawa au mshauri vimeshindwa, wala kwamba amekusaliti.

Rafiki wa binti yangu anakwenda kliniki kila baada ya wiki mbili. Mama yake humsindikiza, na amehama chumba, sasa analala naye. Aliniambia kwamba wiki ya kwanza binti alilalamika anabanwa, ya pili akanyamaza, ya tatu akamwomba asirudi chumbani kwake kwanza.

Na wa kwangu? Nilimuuliza palepale kwenye ungo wa mchele, neno kwa neno, japo sauti ilinitetemeka.

"Hapana," akasema. "Ila kipindi cha mitihani nilikuwa silali kabisa."

Mitihani ilikuwa miezi minne nyuma. Tunalala chini ya bati moja, na sikujua.

Siku hizi jioni, tukiwa jikoni, ananitafsiria albamu ile, wimbo mmoja mmoja. Wa nne, ambao ni wa mtoto wa mwanamke anayeuza mwili, tuliuruka kwanza. Nilimwambia tutaurudia nikiwa tayari. Wa tano tuliusikiliza mara mbili. Sasa tuko kwenye wa sita, ule wa nepi, na amegundua kwamba mengi anayolalamikia yule baba aliyafanya yeye kwangu, tena vibaya zaidi.