Walipoziunganisha Laini Mbili za Simu

Katika miaka ya mwisho ya karne iliyopita, ambapo nyumba nyingi za Marekani zilifikia intaneti kwa kupiga simu ya kawaida, modemu bora iliyopatikana dukani, ya kanuni ya V.90 iliyoidhinishwa mwaka 1998, iliuzwa kwa jina la kilobiti 56 kwa sekunde, ilhali sheria ya huko juu ya nguvu za umeme katika nyaya za simu haikuiruhusu kupita 53 na ushei, na uchakavu wa nyaya zenyewe ukaipunguza tena, hata kijidirisha cha kompyuta kikisoma 49,333 mwenye nyumba alishukuru. Kwa kasi hiyo faili la megabaiti 5 lilichukua takriban robo saa, maadamu hapana aliyenyanyua mkonga wa simu chumba cha pili.

Ndipo watu wakauliza: laini moja haitoshi, mbona tusiunganishe mbili? Jawabu lilikuwa limekwisha andikwa. Mwaka 1994 Keith Sklower wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na wenziwe, walitoa itifaki iitwayo Multilink PPP, wakairekebisha mwaka 1996. Na ijapokuwa walikusudia hasa laini za kidijitali za ISDN, modemu nazo ziliingia humo bila taabu. Hikima yake ni kwamba data hukatwa vipande, kila kipande kikapigwa nambari ya mfuatano, kisha vikagawanywa baina ya laini, hiki huku na kile kule, na mashine ya upande wa pili ikavipanga upya, kilichotangulia kikimngoja mwenzake.

Walakini itifaki hii yataka ridhaa ya pande zote mbili. Kampuni ya huduma isipoikubali, au simu ya kwanza ikipokewa na mashine moja na ya pili na mashine nyingine isiyo na habari za mwenzake, kazi yote ni bure. Fauka ya hayo kulikuwa na ujira wa laini mbili, na pengine wa akaunti mbili. Mmarekani aliyelipia simu za mtaani kwa mwezi aliweza kustahimili. Mwingereza, aliyehesabiwa kila dakika, gharama ilimzidi maradufu.

Na wauzaji, wenye kupenda neno kasi, hawakusema kwamba hamali wawili bandarini hubeba shehena mara mbili, lakini hakuna hata mmoja kati yao anayetembea upesi zaidi: ukibonyeza, jawabu la kwanza lilikawia vile vile.

Faida ya dhati ilionekana pale laini hizo zilipotumiwa na wengi. Toleo la pili la Windows 98, mwaka 1999, liliiwezesha kompyuta moja, kwa anwani 192.168.0.1, kuwagawia wenzake nyumbani intaneti yake. Na watumiaji wa Linux walikuwa na njia zao kabla ya hapo. Asiyepata Multilink aliweza kuelekeza kila mawasiliano kwenye laini yake: faili moja halikuja mapema, ila anayepakua hakumzuia anayesoma barua.

Kwa hukumu yangu, laini ya pili kwa mtu mmoja ilikuwa israfu. Kwa nyumba yenye kompyuta tatu ilistahiki kila senti, mpaka DSL na kebo zilipofika mtaani.