Nishani Mbili, Uso Mmoja

Askari anapovishwa nishani gwarideni, watu wote hutambua ametenda nini. Lakini ni nani amvishaye yule aliyeishona sare yake, aliyemlimia chakula na aliyemtengenezea risasi? Umoja wa Kisovieti ulilijibu swali hilo mwaka 1945.

Tarehe 9 Mei mwaka huo, baada ya Ujerumani ya Kinazi kushindwa, serikali ya Moscow iliweka nishani ya ushindi kwa ajili ya wanajeshi. Tarehe 6 Juni, kabla ya mwezi mmoja kupita, iliweka nyingine kwa ajili ya raia waliofanya kazi kwa ushujaa wakati wa vita. Nishani zote mbili zilichorwa na wasanii wale wale, Romanov na Andrianov, na uso wake ulikuwa mmoja: Stalin katika sare ya kijeshi, pamoja na maneno ya kwamba shabaha ilikuwa ya haki na ushindi umepatikana. Tofauti ilikuwa mgongoni, ambako ya raia ilitaja kazi na kubeba nyundo na mundu. Tena ya askari ilikuwa ya shaba ya manjano, na ya raia ya shaba nyekundu.

Maana yake ni dhahiri. Kuanzia mwaka 1941 viwanda zaidi ya 1,500 vilihamishwa kuelekea mashariki, mbali na adui, na wengi walioviendesha walikuwa wanawake na vijana. Nishani ya askari ilitolewa kwa watu karibu milioni 15. Ya raia kwa zaidi ya milioni 16.

Hata hivyo, shaba isifiche ukweli. Sheria ya Juni 1940 ilimkataza mfanyakazi kuacha kazi bila ruhusa, na tangu Desemba 1941 aliyetoroka kiwanda cha silaha alihesabiwa kuwa mtoro wa jeshi na kufungwa miaka 5 hadi 8. Jasho lililotukuzwa kifuani lilikuwa pia jasho la kulazimishwa. Nishani hulipa heshima, hailipi haki.

Nchini Rwanda, Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni siku ya umuganda, na wanajeshi na polisi hushika jembe na koleo bega kwa bega na wananchi. Mlinzi aliyeupima uzito wa koleo kwa mikono yake hawezi kumdharau alishikaye kila siku.