Tiba Shufaa Haingoji Mwisho

Wagonjwa wengi wa saratani hutajiwa tiba shufaa wakati dawa zimeshashindwa. Hapo ndugu huona daktari amekata tamaa, na mgonjwa akaiogopa huduma ambayo ingemfaa tangu siku aliyopewa majibu. Tiba shufaa huenda sambamba na upasuaji, mionzi na dawa za dripu. Hutuliza maumivu, kichefuchefu na hofu, na huingia hata kwenye maswali ya nyumbani: mama akilazwa watoto watabaki na nani, nauli ya kliniki itatoka wapi.

Mwaka 2010 madaktari wa Massachusetts General Hospital, Marekani, walichapisha utafiti wa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa. Walioanzishiwa tiba shufaa mapema, juu ya matibabu ya kawaida, walikuwa na nafuu zaidi ya mwili na moyo, tena waliishi muda mrefu kuliko wenzao.

Kinachowatisha watu zaidi katika tiba shufaa ni mofini, dawa kali ya maumivu. Mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa 4, maumivu yawepo yasiwepo, maana yakisharudi huwa magumu kuyatuliza. Dozi ya kulalia mara nyingi huwa maradufu, ili mgonjwa asiamshwe usiku wa manane. Kusinzia na kichefuchefu cha mwanzo kwa kawaida hupungua baada ya siku chache. Choo kigumu hakiishi chenyewe, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo iandikwe siku ileile. Daktari akisahau, mkumbushe. Na niseme wazi: ni nadra mgonjwa wa saratani anayekunywa mofini kwa kipimo alichoandikiwa kugeuka teja.

Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993 na Dkt. Anne Merriman, ilionyesha kwamba mofini ya unga ikichanganywa na maji huwa dawa nafuu inayofika hadi kijijini. Mwaka 2004 Uganda ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuandika mofini. Kwangu huo ni uamuzi wa kuigwa, kwa kuwa vijiji vingi havina daktari.

Tiba shufaa ipo pia Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na Nairobi Hospice imeitoa tangu mwaka 1990. Kabla ya kliniki, andika kwenye karatasi: maumivu yako wapi, huzidi saa ngapi, na kati ya 0 na 10 unayapa ngapi. Mpe daktari karatasi hiyo, kisha mwambie: “Naomba nionane na watu wa tiba shufaa.” Usingoje aanze yeye.