Masomo ya Hiari katika Shahada ya Famasia: Yanamfaa Nini Mgonjwa?

Mgonjwa anayepokea dawa dirishani haulizi mfamasia alisoma nini chuoni, wala hana sababu ya kuuliza. Huona koti jeupe na cheti kilichotundikwa ukutani, naye huamini kwamba wafamasia wote wamepita njia moja. Kwa sehemu kubwa imani hiyo ni sahihi. Kemia ya dawa, namna dawa inavyofanya kazi mwilini, utengenezaji wa dawa, sheria zake na utoaji wake kwa mgonjwa ni masomo ambayo mwanafunzi yeyote hawezi kuyakwepa. Hata hivyo, ndani ya mitaala mingi ya famasia ipo nafasi ndogo ambayo mwanafunzi huachiwa aijaze mwenyewe kwa somo la hiari. Makala haya yanaeleza nafasi hiyo ina uzito gani, na kwa nini muuguzi wa wodi ya watoto, tabibu wa zahanati na mgonjwa mwenyewe wanahusika nayo kuliko wanavyodhani.

Tuanze na vipimo. Nchini Tanzania shahada ya kwanza ya famasia husomwa kwa miaka minne, na hufuatiwa na mwaka mmoja wa utarajali. Ukubwa wa kila somo hupimwa kwa krediti, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi: mihadhara, maabara, kujisomea na mitihani vikijumlishwa pamoja. Somo la hiari lenye krediti 10, basi, ni saa 100. Hizo si nyingi. Hazimfanyi mtu kuwa bingwa wa jambo lolote. Zinatosha, hata hivyo, kumfanya atambue tatizo linapomjia mbele ya macho, ajue pa kutafuta jibu, na asiogope kumpigia simu daktari aliyeandika dawa. Mwenzake ambaye hakulisoma somo hilo anaweza kulitazama tatizo lile lile asilione.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa dawa za watoto.

Chukua mtoto mchanga mwenye ugonjwa wa moyo, uzito wake kilo 4. Daktari amemwandikia furosemidi, dawa ya kupunguza maji mwilini, miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito. Dozi yake ni miligramu 4. Kidonge kilichopo stoo kina miligramu 40. Mama anaweza kukigawa kidonge nusu, na kwa taabu akapata robo. Sehemu moja ya kumi haiwezekani kwa kisu wala kwa wembe. Katika hali hiyo, ushauri unaotolewa mara nyingi ni huu: ponda kidonge, weka katika maji mililita 10, mpe mtoto mililita 1. Hesabu yenyewe haina kosa, na anayeitoa ana nia njema.

Kasoro imo katika maji. Furosemidi haiyeyuki katika maji ila kwa kiasi kidogo mno. Unga wake huelea kwa muda kisha huzama chini ya kikombe. Mama akivuta kwa bomba la sindano kutoka juu, mtoto hupata karibu maji matupu. Akivuta kutoka chini, hupata dozi maradufu na zaidi. Leo mtoto anahema kwa shida kwa sababu maji yamejaa mapafuni, kesho amelegea kwa sababu amepoteza maji na chumvi kupita kiasi, na mama ataapa kwamba amempa dawa ile ile kwa kipimo kile kile. Atakuwa anasema kweli. Daktari naye, asipojua yaliyotokea ndani ya kikombe, anaweza kubadili dozi isiyokuwa na kosa.

Somo la lazima la utengenezaji wa dawa humfundisha kila mwanafunzi kwamba ziko dawa za maji zilizoyeyuka na ziko zilizoning'inia tu ndani ya kimiminika. Somo la hiari la dawa za watoto humchukua mwanafunzi huyo hadi mezani. Huko hujifunza kuponda vidonge mpaka unga uwe laini kabisa, kuulowesha kwa kimiminika kidogo uwe kama uji mzito, kisha kuongeza polepole kimiminika chenye unato ambacho huuzuia unga usizame upesi. Dawa kama furosemidi hutiwa katika chupa ya rangi nzito kwa kuwa mwanga huiharibu. Kibandiko huandikwa idadi ya miligramu katika kila mililita, agizo la kutikisa chupa kabla ya kila dozi, na tarehe ya mwisho wa kutumika. Tarehe hiyo haikisiwi. Hutokana na majaribio yaliyokwisha kufanywa juu ya mchanganyiko ule ule, na kuyatafuta majaribio hayo katika machapisho ni nusu ya kazi ya somo lenyewe. Kaptoprili, kwa mfano, huanza kuharibika ikishatiwa majini, hivyo mazoea ya furosemidi hayawezi kuhamishiwa kwake.

Mwanafunzi hujifunza pia lini asiponde kabisa. Omeprazoli hufunikwa kwa utando unaoilinda dhidi ya asidi ya tumbo. Ukiusaga utando huo, dawa huharibika kabla ya kufika inakotakiwa. Kidonge cha nifedipini kilichotengenezwa ili kitoe dawa taratibu kikisagwa, dozi ya saa nyingi huingia mwilini kwa mkupuo mmoja na shinikizo la damu linaweza kushuka kwa hatari. Tena yupo adui asiyeonekana: kimiminika chenyewe. Mwaka 1937 nchini Marekani kampuni moja iliyeyusha sulfanilamidi, dawa iliyokuwa ikisaidia vizuri katika vidonge, ndani ya diethilini glikoli ili ipatikane dawa ya maji yenye ladha tamu. Kimiminika hicho ni sumu ya figo. Watu zaidi ya 100 walifariki, wakiwemo watoto wengi, na mwaka uliofuata sheria ya nchi hiyo ikabadilishwa ili dawa mpya isiuzwe kabla usalama wake haujathibitishwa. Wahadhiri hurudia kisa hicho kila mwaka, na hawakosei, maana sumu hiyo imeonekana tena katika dawa za maji za watoto katika karne hii yetu.

Ni haki kusema kwamba tiba iliyo bora zaidi kwa tatizo hili haitoki katika chumba cha mfamasia bali kiwandani. Vidonge vya kifua kikuu vya watoto vinavyolainika majini, vyenye vipimo vinavyolingana na uzito wao, vilianza kutumika nchini Kenya mwaka 2016, nchi ya kwanza kuvisambaza kote, na kazi ya kuponda vidonge vya wakubwa kwa ajili ya wagonjwa hao ikapungua mno. Lakini viwanda hufuata soko, na si kila mara huwafikiria watoto wenye maradhi ya moyo au figo. Kwao chumba cha mfamasia kitaendelea kuhitajika kwa muda mrefu.

Somo jingine la hiari lenye manufaa ya kila siku ni lile la tiba asili na mwingiliano wake na dawa za hospitali. Hapa Dar es Salaam utafiti wa mimea ya tiba ulipewa kitengo chake Muhimbili tangu mwaka 1974, kitengo ambacho baadaye kilikua na kuwa Taasisi ya Tiba Asili. Mfamasia mwenye kudharau mimea anajidharau mwenyewe: kwinini ilitoka katika gome la mti, na artemetha iliyomo katika dawa mseto ya malaria hutokana na artemisinini ya mmea wa Artemisia annua, ugunduzi uliomletea Tu Youyou wa China Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Ugumu wa somo hili umo katika lugha pia. Mtoa huduma humuuliza mgonjwa, “Unatumia dawa nyingine yoyote?” Mgonjwa hujibu, “Hapana,” na jioni hurudi nyumbani kunywa majani aliyochemsha. Hakudanganya. Katika Kiswahili chetu neno dawa ni pana: tuna dawa ya meno, dawa ya mbu na dawa ya viatu. Lakini likitamkwa na mtu mwenye koti jeupe, neno hilo husikika kama kidonge na sindano. Majani ya mwarobaini, kitunguu saumu kilichotwangwa, unga wa mlonge, hivyo kwa mgonjwa ni “majani tu” au ni chakula. Mwanafunzi aliyefundishwa vizuri huuliza vingine: “Nyumbani unachemsha chochote kwa ajili ya hali hii? Kuna mtu alikushauri mizizi au majani? Kuna kitu unakula makusudi ili upate nafuu?” Tena huuliza bila kukunja uso, kwa kuwa mgonjwa aliyewahi kukemewa mara moja hatasema tena.

Majibu hayo yana uzito. Katika utafiti mmoja wa Marekani, watu wenye afya njema waliotumia vidonge vya kitunguu saumu kwa takriban wiki tatu walikutwa na kiwango cha sakwinaviri, moja ya dawa za zamani za kufubaza virusi vya UKIMWI, kikiwa kimeshuka kwa karibu nusu katika damu. Mtu asihamishe matokeo hayo moja kwa moja hadi kitunguu cha mchuzini. Dozi ya vidonge ni kitu kingine. Balungi hufanya kinyume: maji yake huzuia kimeng'enya cha utumbo ambacho huvunja baadhi ya dawa, kikiwemo kiasi kikubwa cha simvastatini ya kupunguza lehemu, na dawa ikabaki mwilini kwa wingi kupita kipimo. Hilo lilijulikana kwa bahati. Watafiti wa Kanada, waliotoa taarifa yao mwaka 1989, walikuwa wakichunguza athari ya pombe kwa dawa ya shinikizo la damu, wakatumia maji ya balungi ili kuficha ladha ya pombe. Balungi likawa ndiyo habari.

Juu ya dawa za mifugo nitasema machache, ingawa mfamasia wa wilayani huulizwa habari zake mara nyingi. Paka hana uwezo wa kutosha wa kuisafisha parasetamo mwilini, na kidonge kimoja cha binadamu kinaweza kumuua. Ng'ombe aliyechomwa antibayotiki, maziwa na nyama yake havifai kuliwa mpaka siku zilizoandikwa katika kibandiko zipite. Mfamasia asiyelijua hilo atauza chupa na kuagana na mteja. Anayelijua atauliza kama ng'ombe huyo anakamuliwa, na maziwa huuzwa wapi.

Je, wanafunzi huchaguaje? Kwa uaminifu, wengi huchagua kwa kusikiliza waliowatangulia: somo gani lina alama za bure, mhadhiri gani hasumbui, ratiba ipi inaacha Ijumaa wazi. Siwalaumu sana. Mwanafunzi mwenye masomo ya lazima yaliyomlemea hutafuta pa kupumulia, na chuo chenye walimu wachache hufungua tu somo lililopata watu wa kutosha. Naona kosa kubwa zaidi ni letu walimu, tunapotangaza somo kwa jina lake na idadi ya krediti bila kumwonyesha mwanafunzi mgonjwa hata mmoja anayelisubiri. Anayekumbushwa kikombe cha yule mama hana haja ya kubembelezwa.

Pia mpaka kati ya hiari na lazima hausimami mahali pamoja. Mwaka 1966, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha California, San Francisco, wafamasia walipelekwa kufanya kazi wodini katika ghorofa ya tisa, karibu na wagonjwa, usiku na mchana. Lilikuwa jaribio, na wapo walioliona kuwa ni kuvuka mipaka ya kazi. Leo mafunzo kando ya kitanda cha mgonjwa ni sehemu ya lazima ya shahada ya famasia, huko na hapa kwetu. Kwa maoni yangu dawa za watoto zinastahili kufuata njia hiyo hiyo, hata kama itabidi sehemu ya masomo mengine ipunguzwe.

Kwa sasa, wodi inayomhudumia mtoto anayehitaji dawa isiyokuwepo katika kipimo chake inaweza kurahisisha kazi kwa mambo machache. Cheti kiandikwe uzito wa mtoto kwa kilo na tarehe aliyopimwa, na dozi iandikwe kwa miligramu. Neno “robo” au “kijiko” lisitumike. Kipelekwe famasia mapema asubuhi, si wakati wa ruhusa ya mchana, maana mchanganyiko huchukua muda. Muuguzi aulize nani kati ya wafamasia wa zamu amefunzwa kazi hiyo. Asipokuwepo, swali lipelekwe kwa simu katika hospitali ya rufaa kabla kidonge hakijapondwa. Mzazi akabidhiwe chupa pamoja na bomba la kupimia lisilo na sindano, aonyeshwe alama ya dozi yake, kisha aitikise chupa na kuvuta dozi moja mbele ya mfamasia kabla hajaondoka dirishani.