MLANGO MDOGO UNAOLETA WEUSI WA NGOZI

Hapa Bunia jua ni kali. Mji wetu uko karibu na ikweta, tena uko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na mahali pa juu jua huchoma zaidi. Mtu mweusi hulima tangu asubuhi hata saa sita, na mgongo wake hauna malengelenge. Mgeni mweupe akifanya vile bila kofia, jioni ngozi yake ni nyekundu kama nyanya. Tofauti hii yatoka wapi?

Ndani ya ngozi mna seli, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Baadhi yao hufanya kazi ya kutengeneza rangi nyeusi iitwayo melanini. Mtu mweupe na mtu mweusi wana hesabu karibu sawa ya seli hizo. Kinachowatofautisha ni kazi ya seli, si hesabu yao.

Juu ya kila seli ya rangi kuna milango midogo sana. Mlango huo ni protini, jina lake MC1R. Wataalamu huuita kipokezi, maana unapokea habari. Jua likiumiza ngozi, seli za jirani hutoa mjumbe, naye huenda kubisha hodi. Akishika kipokezi, habari hupita mpaka ndani, na seli huanza kutengeneza melanini nyeusi. Kisha melanini hugawiwa seli za jirani, nayo huketi juu ya kiini cha kila seli kama mwavuli, ili jua lisiharibu habari za urithi zilizomo. Zikiharibika, kansa ya ngozi yaweza kuanza.

Watu wengine, hasa wa Ulaya, wamezaliwa na kipokezi kisichoitikia vizuri. Mjumbe anabisha hodi, lakini jibu ni hafifu. Seli zao hutengeneza rangi nyekundu zaidi kuliko nyeusi. Nywele zao huwa nyekundu, na jua huwachoma upesi. Mwaka 2000 wataalamu waliolinganisha watu wa nchi nyingi walieleza kwamba katika Afrika kipokezi hiki hakibadiliki-badiliki kama huko Ulaya. Chini ya jua letu, kukosa mlango huu ni hasara.

Urithi unaotengeneza kipokezi hiki ulitambuliwa mwaka 1992. Sasa wataalamu hukitengeneza katika laboratwari. Unajua kwamba kipande cha muhogo wako, kikipandwa katika shamba la jirani, huzaa muhogo wa aina yako, si ya jirani. Basi wao huchukua urithi wa mtu na kuutia katika seli nyingine zinazofugwa ndani ya chupa, na seli hizo hutengeneza protini ya mtu. Tena si jambo geni kwenu. Insulini wanayopigwa sindano wagonjwa wa sukari hutengenezwa kwa njia kama hiyo, na ilianza kuruhusiwa mwaka 1982. Lakini kipokezi cha laboratwari si dawa ya kupaka wala ya kunywa. Ni cha uchunguzi tu, kujua ni kitu gani kinachoufungua mlango na ni kitu gani kinachouziba.

Uchunguzi wa kipokezi hiki umezaa matunda. Kuna ugonjwa ambao mwanga wa jua humletea mtu maumivu makali mno. Tangu mwaka 2014 imeruhusiwa huko Ulaya dawa ya kuwekwa chini ya ngozi, nayo hubisha hodi katika kipokezi hiki, ili mgonjwa apate weusi wa kumkinga. Wao wanatafuta kwa dawa kile ambacho sisi tumezaliwa nacho, na wengine wetu wanakwenda sokoni kununua mafuta ya kukiondoa!

Mafuta hayo hufanya nini? Mengine yana hidrokinoni au zebaki. Mlango ni mzima, mjumbe anabisha, lakini kazi ya ndani imesimamishwa. Hidrokinoni ikipakwa muda mrefu huleta madoa meusi mashavuni yasiyotoka upesi. Zebaki huharibu figo, na mama mwenye mimba huweza kumpitishia mtoto. Mengine yana dawa za namna ya kortizoni: ngozi huwa nyembamba, vidonda hukawia kupona, na mama akipasuliwa ili azae, nyuzi za kushonea huweza kukata ngozi.

Habari ya wenye ualbino ni nyingine. Kwao shida huwa katika kazi ya ndani ya kutengeneza melanini, si mlangoni. Mtoto hurithi jambo hili kwa baba na kwa mama pia, hata kama wote wawili ni weusi. Si laana, na mama asisingiziwe. Mtoto huyo avae kofia pana na nguo za mikono mirefu, akae darasani karibu na ubao kwa sababu ya macho yake, na kidonda cha ngozi kisichopona kionyeshwe kwa munganga upesi.

Nawe unayetumia mafuta ya kujichubua, njoo hospitali pamoja na kopo lake, usione haya. Kama yana kortizoni, usiyaache ghafula peke yako, maana ngozi huweza kuwaka na mwili kudhoofika. Munganga atakuonyesha jinsi ya kupunguza pole pole. Na kama utapasuliwa, mwambie kabla ya siku ile.